Jinsi ya kulinganisha sheria za mtoto za Tanzania na za majirani

Ikikaribia Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, simu yangu huita kuliko mwezi mwingine wowote. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ana kazi ya kuwasilisha darasani, mtendaji wa kata ameambiwa aandae hotuba, mama wa umoja wa wanawake kanisani anataka kuwaelimisha wenzake. Wote wanauliza jambo moja: "Mama, hivi kati ya sheria yetu ya mtoto na ya Kenya, ipi ina nguvu? Na Uganda je?" Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Dodoma. Kazi zangu nyingi ziko vijijini, upande wa Chemba na Bahi, na kabla ya hapo nilikuwa afisa maendeleo ya jamii. Nimeona niandike njia ninayotumia, ili hata aliye mbali nami aweze kuifuata akiwa na simu yake, daftari na jioni mbili tatu za utulivu.

Swali la "ipi ina nguvu" halina jibu. Nchi hiyohiyo inaweza kumlinda vizuri msichana aliye kidato cha pili, ikamwacha wazi dada yake aliyeishia darasa la saba. Ndiyo maana silinganishi nchi na nchi. Namchukua mtoto mmoja: ana umri gani, yuko wapi, jambo gani limemkabili. Kisha nampitisha nchi moja baada ya nyingine nikiuliza: akiwa hapa, nani anakatazwa kufanya nini, na nani analazimika kuinuka kumsaidia? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo ulinganisho wenyewe.

Kusanya sheria, na uangalie ni toleo gani

Sheria zenyewe hazina gharama. Za Tanzania pamoja na hukumu za mahakama ziko kwenye tovuti ya TanzLII, za Uganda ziko ULII, za Kenya ziko Kenya Law. Pakua sheria yenyewe. Usiandike ulinganisho kwa kusoma makala za wengine, maana makala nyingi zinanakiliana, na kosa la mmoja linatembea miaka.

Kwa Tanzania Bara utahitaji Katiba ya 1977, Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, Sheria ya Ndoa ya 1971, Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Elimu. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha pia sheria ya marekebisho ya sheria mbalimbali za ulinzi wa mtoto, kwa hiyo nakala ya zamani uliyonayo kabatini isomwe pamoja na hiyo. Kwa Kenya chukua Katiba ya 2010, Sheria ya Watoto ya 2022, Sheria ya Ndoa ya 2014, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 na sheria ya 2011 inayopiga marufuku ukeketaji. Kwa Uganda chukua Katiba ya 1995, Sheria ya Watoto pamoja na marekebisho yake makubwa ya 2016, Kanuni ya Adhabu, na sheria yao ya ukeketaji ya 2010. Rwanda ina sheria ya ulinzi wa mtoto Na. 71 ya 2018.

Hapa pana mtego unaowanasa hata wanasheria. Uganda ilipitia upya sheria zake zote, na toleo jipya likaanza kutumika Julai 1, 2024. Sheria ya Watoto iliyokuwa Sura ya 59 sasa ni Sura ya 62, na vifungu vingi vimepata namba mpya. Tanzania nayo ina toleo la urekebu la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025. Kwa hiyo ukikuta hukumu ya zamani inataja kifungu fulani, ukifungua toleo jipya unaweza kukuta hapo jambo jingine kabisa. Namba za vifungu vya Tanzania ninazotaja kwenye andiko hili ni za kabla ya toleo hilo. Tafuta maneno ya kifungu, usitafute namba.

Mtego wa pili ni sheria iliyokwisha kufa. Bado nakutana na majedwali yanayosema mtoto wa miaka minane Kenya anaweza kushtakiwa kwa jinai. Ilikuwa hivyo zamani. Sheria ya 2022 ilipandisha umri hadi 12.

Jambo la tatu ni Zanzibar. Sheria ya Mtoto ya 2009 ni ya Bara. Zanzibar ina yake, Na. 6 ya 2011, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki kule. Ukiandika "Tanzania" bila kusema unazungumzia upande gani, umeshakosea kabla hujavuka mpaka wowote.

Daftari

Mimi natumia kaunta buku. Nalilaza kwa upana, nachora safu za kusimama, moja kwa kila nchi. Pembeni kushoto naandika mistari sita, kutoka juu kwenda chini: Katiba, Sheria ya mtoto, Sheria nyingine, Hukumu, Isipokuwa, Nani. Juu kabisa ya ukurasa, kabla sijaandika chochote, naandika mtoto mwenyewe kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Msichana wa miaka 15, Chemba, kamaliza la saba, mwanamume wa miaka 30 ameleta mahari." Swali likibadilika, nafungua ukurasa mwingine. Ukurasa mmoja haubebi maswali mawili.

Mstari wa "Isipokuwa" naujaza kwa kalamu nyekundu. Humo naandika kila mahali sheria inapotoa mwanya: isipokuwa mahakama ikiruhusu, isipokuwa mzazi akikubali, isipokuwa awe mkewe. Ukurasa wenye wekundu mwingi unajieleza hata kwa mtu asiyejua kusoma sana. Nimeshawahi kuufungua mbele ya baraza la kijiji na wazee wakaanza kuhesabu mistari myekundu wenyewe.

Mfano wa kwanza: yule binti wa miaka 15

Mwezi wa sita na wa saba, watu wakishavuna mtama na uwele, ndipo mazungumzo ya mahari yanapopamba moto huku kwetu. Nitaanza na huyu kwa sababu ndiye ninayeletewa zaidi.

Tanzania Bara. Katiba haitaji umri wa kuoa. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 4, inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Wengi huishia hapo, wanafunga daftari kwa furaha. Endelea. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 13, inamtaka mwanamume awe na miaka 18 na mwanamke 15, na mahakama inaweza kuruhusu hata akiwa na 14. Kifungu cha 17 kinataka tu msichana aliye chini ya 18 apate ridhaa ya baba yake au mlezi. Sasa fungua Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130: kufanya mapenzi na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, awe ameridhia au hakuridhia, isipokuwa awe ni mke wa huyo mwanamume, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Kalamu nyekundu. Ndoa inageuza kosa la jinai kuwa si kosa.

Halafu Sheria ya Elimu. Mwaka 2016 iliongezwa kifungu cha 60A: kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, ni kosa, na kifungo chake ni miaka 30. Hakuna ridhaa ya baba inayosaidia hapo. Kwa hiyo wasichana wawili wa kijiji kimoja, wenye umri mmoja, wana ulinzi tofauti kwa sababu tu jina la mmoja liko kwenye rejesta ya shule. Ndiyo sababu binti akimaliza la saba na matokeo yakachelewa au hakuripoti kidato cha kwanza, mimi huanza kuhangaika siku hiyohiyo. Ile miezi michache ya katikati ni hatari kuliko watu wanavyodhani.

Mstari wa Hukumu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakinzana na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja ukapita, Bunge lililoko hapahapa Dodoma likiwa halijabadilisha vifungu hivyo.

Kenya, binti yuleyule. Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 4: miaka 18 kwa wote, hakuna ruhusa ya mahakama, hakuna ridhaa ya mzazi. Na anayemuoa aliye chini ya umri huo anatenda kosa: kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi milioni moja ya Kenya, au vyote viwili. Mstari wa Isipokuwa unabaki mweupe.

Uganda. Miaka 18 imo ndani ya Katiba yenyewe, ibara ya 31. Lakini usikimbilie kuandika kwamba kila kitu kiko sawa, kwa sababu sheria yao ya zamani ya kusajili ndoa za kimila iliandika miaka 16 kwa msichana. Katiba inaishinda, hilo halina ubishi, ila afisa wa kijijini aliyeshika kitabu cha zamani anaona 16.

Rwanda imeweka 21, na sheria yake ya 2024 inaruhusu kushuka hadi 18 kwa ruhusa maalumu. Watu wengi wanaponiambia "majirani zetu wote ni 18" huwa wameisahau Rwanda.

Ukishajaza, usisome namba kwanza. Jiulize: ile 18 imekaa wapi? Uganda imekaa kwenye Katiba. Kenya imekaa kwenye sheria ya kawaida iliyotungwa na Bunge. Kwetu Bara, kwa huyu binti aliyetoka shule, imekaa kwenye hukumu. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo kazi yangu inapokuwa ngumu, kwa sababu mzee anayeozesha hajawahi kuiona hukumu, na mtendaji wa kijiji ana nakala ya sheria ya 1971 kwenye droo. Kuiondoa 18 ndani ya Katiba ni kazi kubwa sana. Kuisahau iliyomo ndani ya hukumu ni rahisi mno. Ndiyo maana nakala ya hukumu ya 2019 ninayo ndani ya mkoba kila ninapokwenda kijijini.

Ukitaka kwenda kusini, Malawi inafundisha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Sheria yao ya matunzo na ulinzi wa mtoto ya 2010, ilipotungwa, ilimtaja mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 16. Ilibidi wabadilishe Katiba mwaka 2017 ili kuufunga mlango wa ndoa chini ya 18.

Soma adhabu kwa makini

Adhabu ndizo zinazopendwa kwenye majedwali, na ndizo zinazopotosha zaidi. Angalia kama sheria imesema "isiyopungua" au "isiyozidi". Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa.

Chukua kosa la kumwingilia kimwili mtoto wa miaka 13. Kenya, chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono, mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15 kifungo hakipungui miaka 20. Akiwa wa miaka 16 hadi 18, hakipungui 15. Akiwa na miaka 11 kushuka chini, ni maisha. Tanzania Bara kifungo hakipungui miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Uganda mtoto aliye chini ya miaka 14 anahesabiwa kwenye kosa lililokithiri, ambalo adhabu yake inaweza kufika kunyongwa. Mwanafunzi anaona neno kunyongwa, anaandika kwamba Uganda ndiyo kali kuliko wote. Lakini hicho ni kilele ambacho jaji anaweza kukifikia akiona inafaa, anaweza pia kutoa pungufu yake. Tanzania na Kenya zimeweka sakafu ambayo hakimu hashuki.

Hata sakafu hiyo nenda ukaitafute kwenye hukumu. Kenya kulikuwa na kipindi ambapo mahakama za chini ziliona adhabu za lazima zinaweza kulegezwa, kuanzia uamuzi wa Mahakama yao ya Juu wa mwaka 2017. Julai 2024 Mahakama hiyohiyo ya Juu ikasema hapana, kiwango cha chini kilichowekwa na sheria kinabaki. Aliyeandika ulinganisho wake 2023 aliandika kweli kwa wakati ule, leo si kweli tena.

Na kwa kuwa nimetaja mahakama: mahakama ya juu kabisa kwetu ni Mahakama ya Rufani. Kenya na Uganda, juu ya mahakama ya rufaa kuna Mahakama ya Juu. Ukilinganisha hukumu, hakikisha umefika kileleni kila upande.

Mfano wa pili: mtoto mchanga na lawalawa

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo ulinganisho wa harakaharaka unapoweza kuwaumiza watoto wetu wa Kanda ya Kati.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba mwanamke 1 kati ya 10 nchini, wa miaka 15 hadi 49, amekeketwa. Dodoma ilikuwa asilimia 47, ya pili baada ya Manyara iliyokuwa 58. Utafiti wa 2022 ulionyesha kitaifa imeshuka hadi asilimia 8. Watu wa mijini wakisikia ukeketaji wanawaza sherehe, ngoma, wasichana wa miaka 12 wamejifunga shuka. Kwetu haiko hivyo mara nyingi. Kwetu kuna lawalawa. Mtoto wa kike mchanga akipata muwasho au vidonda sehemu za siri, bibi anasema ana lawalawa, na dawa yake ni kukatwa. Ni maambukizi ya kawaida ambayo zahanati inayatibu. Lakini imani hii imefanya ukeketaji uhamie kwa watoto wachanga, ndani, kimyakimya, bila ngoma yoyote.

Sasa fungua ukurasa mpya. Juu andika: "Mtoto wa kike wa miezi minne, kijijini Chamwino, bibi anataka kumtibu lawalawa."

Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 169A, kilichoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998: mwenye kumtunza mtu aliye chini ya miaka 18 akimkeketa au akisababisha akeketwe, kifungo ni kati ya miaka 5 na 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote. Hiyo "au" nayo iende kwenye mstari mwekundu. Laki tatu haimfikishi mtu kununua ng'ombe mzuri mnadani Msalato. Kenya, sheria ya 2011: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000 za Kenya, ambazo kwetu ni zaidi ya milioni tatu, na akifa aliyekeketwa ni maisha. Daima badilisha fedha kabla ya kulinganisha faini, na uangalie tena kama ni "isiyopungua". Uganda, sheria ya 2010: hadi miaka 10, na kosa likikithiri, kwa mfano mkosaji akiwa mzazi au mlezi, linafika kifungo cha maisha.

Sheria ya Kenya ina mambo mawili ambayo wanaharakati wetu huyataja sana. Inamlinda mwanamke wa umri wowote, wakati 169A inaishia miaka 18. Na inamfuata mkosaji nje ya mipaka, kwa sababu kule Kuria na Tarime wasichana walikuwa wanavushwa kwenda kukeketwa upande wa pili. Ni mambo mazuri, na kwa mkoa wa Mara yana maana kubwa. Kwa mtoto wangu wa miezi minne wa Chamwino hayabadilishi kitu. Yeye hajafikisha miaka 18, wala havuki mpaka wowote. Hawezi kumwambia mwalimu, hana mwalimu. Atakayeona ni nesi siku ya kliniki, anapompima uzito.

Kwa huyu mtoto kifungu cha kukitazama Kenya ni kingine: sheria ile ya 2011 inafanya kuwa ni kosa kwa mtu anayejua ukeketaji umefanyika, unafanyika au unapangwa, kisha asitoe taarifa. Linganisha na kifungu cha 95 cha Sheria yetu ya Mtoto, kinachompa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa akiona haki ya mtoto inavunjwa. Soma vyote viwili sentensi kwa sentensi. Uliza: asiyetoa taarifa anafanywa nini? Kenya amewekewa kosa lake ndani ya sheria ya ukeketaji yenyewe. Hapo ndipo pa kuwaambia wabunge wetu wapatazame.

Nimeeleza kirefu kwa sababu ya hili: mtoto ndiye anayekuambia kifungu kipi ni cha maana. Ukianza na sheria ya jirani, utavutiwa na kifungu kinachong'aa.

Mambo ya kupita haraka

Umri wa kushtakiwa kwa jinai unajazwa kwa dakika chache. Tanzania Bara chini ya miaka 10 hashtakiwi, na kati ya 10 na 12 mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua anatenda kosa. Kenya na Uganda ni 12, Rwanda 14, Burundi 15.

Viboko shuleni: Kenya ilivipiga marufuku kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, Uganda kwenye marekebisho ya 2016. Kwetu kanuni za 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mzazi, una haki ya kuuliza kitabu hicho kiko wapi.

Mstari wa mwisho: Nani

Mstari huu watu huuacha wazi, na mimi naupenda kuliko yote. Sheria ikishasema mtoto alindwe, mtu mwenye cheo fulani lazima ainuke kwenye kiti. Andika cheo chake.

Chukua msichana wa miaka 15 kutoka Kongwa aliyepelekwa Nairobi kufanya kazi za ndani, hajalipwa, amenyang'anywa simu. Kwa umri wa kazi peke yake utachanganyikiwa: Tanzania inaruhusu kazi nyepesi kuanzia 14, Kenya sheria ya ajira ya 2007 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia 13, Uganda ilipandisha hadi 16 mwaka 2016. Mtu atasema Kenya ni dhaifu. Lakini swali la huyu binti si umri wa kazi tena, ni usafirishaji haramu wa binadamu. Tanzania ina sheria yake ya 2008, Uganda ya 2009, Kenya ya 2010, na ya Kenya inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Kwamba binti alikubali kwenda hakumwokoi aliyempeleka, kwa sababu ridhaa ya mtoto haihesabiki kwenye kosa hili.

Halafu vyeo. Akiwa Nairobi analindwa na sheria ya Kenya ingawa ni Mtanzania, na wa kumtafuta ni afisa wa watoto wa serikali au polisi. Uganda, ngazi ya kijiji, baraza la mtaa lina mtu anayeshughulikia masuala ya watoto, na wilayani kuna afisa wa ustawi. Kwetu ni mtendaji wa kijiji au mtaa, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba ya simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116 Tanzania, ni 116 Kenya, na ni 116 Uganda. Iandike kwa herufi kubwa chini ya safu zote tatu. Mama wa huyo binti akikujia analia, hatauliza kifungu.

Ukipeleka kwa watu

Usisome ukurasa mzima mkutanoni. Anza na yule mtoto aliyeandikwa juu, waache watu wamjadili, wamtambue. Kijijini watamtambua tu, hata kama hujataja jina la mtu, na usilitaje. Wakishasema wao wenyewe nani angepaswa kumsaidia, ndipo uwaonyeshe sheria inasemaje hapa na ng'ambo. Na usiwatolee Kenya au Uganda kama fimbo ya kuwachapia. Mzee mmoja wa Bahi aliniambia kwa upole kwamba akisikia "wenzetu Kenya" masikio yake yanafunga. Tangu hapo natanguliza hukumu yetu wenyewe ya 2019 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003. Ibara ya 21 inataka miaka 18 kwa ndoa. Kenya na Uganda nazo zimeuridhia. Hapo hakuna wa kusema ni mambo ya majirani.

Kama unampelekea diwani au mbunge, mpe ukurasa mmoja wenye mtoto mmoja, na kifungu kimoja unachotaka kibadilike, maneno yake yaliyopo upande mmoja, unayopendekeza upande wa pili. Pembeni andika tarehe uliyozisoma hizo sheria na toleo ulilotumia, kwa sababu atakapofungua, pengine miezi sita baadaye, msaidizi wake ataanza kwa kuuliza hilo.